Senti 62 halafu timu ikafungwa: nani alidanganya, soko au sisi?

#1 Robo ya Nne (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeona mara nyingi mtu anabandika picha ya soko la utabiri kabla ya mechi ya NBA: timu moja imeandikwa 62, nyingine 38. Kesho yake ile ya 62 imefungwa, na watu wanaangua kicheko. "Soko lenu hilo limeumbuka!" Leo nataka tulijadili hili hadi mwisho, maana nami niliwahi kuliwa kwa kutojua kusoma hizi namba. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Kinachouzwa pale ni mkataba wenye swali moja tu: timu fulani itashinda mechi hii? Ikishinda, mwenye mkataba analipwa dola 1. Isiposhinda, anaambulia sifuri. Kikapu hakina sare. Wataongezewa dakika tano tano mpaka mmoja aanguke, kwa hiyo swali ni safi. Ukikubali kutoa senti 62 kwa kitu ambacho kesho kitakuwa dola au sifuri, umesema kwa mfuko wako kwamba mechi kama hii ikichezwa mara 100, timu hiyo itashinda mara 62 hivi. Zile 38 nazo lazima zitokee siku fulani, na jana ilikuwa siku yake. Soko litaumbuka pale utakapokusanya mechi zote lilizozipa 62 ukakuta timu hizo zimeshinda nusu tu.

Wazo lenyewe si la jana. Chuo Kikuu cha Iowa kiliendesha soko la namna hii kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 1988. Polymarket walianza 2020. Kalshi, ambao wako chini ya CFTC, yaani tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bei za baadaye, walianza kuuza mikataba ya michezo Januari 2025. Tangu hapo mechi za NBA zimejaa humo.

Sasa shida inaanzia kwenye ile namba kubwa ya kwenye skrini. Ni namba ipi?

Nyuma yake kuna daftari la oda. Tuseme kwenye mechi ya leo wanaotaka kununua timu ya nyumbani wamefika senti 57, na wanaouza hawashuki chini ya 59. Skrini inaweza kukuandikia 58, yaani katikati, na hakuna kiumbe anayekuuzia kwa 58. Au inakuandikia bei ya mwisho iliyofanyika, ambayo huenda ni ya dakika 20 zilizopita, kabla kocha hajasema nyota wake kavimba kifundo cha mguu. Upande wa pili mambo ni hayohayo: aliyekaa na 57 yake kwa wenyeji ndiye anayeweza kukuuzia wageni kwa 43. Jumlisha 59 na 43. Ni 102. Hizo mbili za ziada ndiyo kiingilio cha mlangoni.

Linganisha na kampuni ya kubeti ya Marekani iliyoandika −150 kwa wenyeji na +130 kwa wageni. Ile −150 maana yake weka 150 upate faida ya 100: 150 gawa kwa 250, asilimia 60. Ile +130 ni weka 100 upate faida ya 130: 100 gawa kwa 230, asilimia 43.5. Jumla 103.5. Ukigawanya 60 kwa 103.5 unabaki na 58. Kwa hiyo soko na kampuni wanakubaliana kabisa kwamba wenyeji ni 58, na tofauti yao ni namna ya kukukata.

Wengi wanaamini soko ni rahisi kuliko kampuni. Tupige hesabu. Kanuni ya kawaida ya ada ya Kalshi ni 0.07 × idadi ya mikataba × bei × (1 − bei). Kwa senti 59 ada ni kama senti 1.7 kwa mkataba, kwa hiyo umelipa 60.7. Kampuni ilikuwa inakuuzia kitu hichohicho kwa 60. Naam, mmesoma sawasawa. Ada hiyo ni kali zaidi katikati, kwenye 50, ambako inafika 1.75, na inapungua ukielekea pembeni: kwenye 90 ni 0.63 tu.

Soko lina faida moja ambayo siwezi kuinyima sifa. Unaweza kutoka mechi ikiwa inaendelea. Umenunua kwa 59, timu yako imeanza vizuri, bei imefika 80, unauza na faida ya 21 mfukoni, iliyobaki waachie wenyewe.

Karibuni.

#2 Mkeka Mrefu

Kwa hiyo ni kubeti kulikovaa suti na tai. Umeandika ukurasa mzima kuficha neno moja.

#3 Robo ya Nne

Mkuu, sijaficha kitu. Hela yako inapotea vilevile na maumivu ni yaleyale.

Ila anayepanga bei ni tofauti. Kwa kampuni, kampuni ndiyo iko upande wa pili wa dau lako. Ukishinda sana inaweza kukupunguzia kiwango cha juu au kukuonyesha mlango. Kwenye soko, upande wa pili yuko mtu mwingine au kompyuta ya mtu mwingine, na mwenye jukwaa anakula ada tu, ushinde au ushindwe. Hili halikupi nafuu hata kidogo. Mimi naona linatisha zaidi, maana kila unaponunua kwa 59 kuna mtu amesoma habari zilezile, labda na zaidi, akaamua kwamba 59 ni bei nzuri ya kukuuzia wewe.

Kuhusu jina lake, hata Wamarekani wenyewe hawajaelewana. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu yao ilifuta sheria iliyozuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, na majimbo yakaanza kutoa leseni na kukusanya kodi. Kalshi wakaja na hoja kwamba wao hawahitaji leseni ya jimbo, wanachouza ni mikataba inayosimamiwa na serikali kuu. Machi 2025 Nevada na New Jersey wakawaandikia waache mara moja, na kesi zikaanza. Kwa majimbo hayo, swali lako limeshajibiwa: ni kubeti.

#4 Benchi la Akiba

Mimi mgeni kwenye haya mambo, naomba nisichekwe. Timu inaongoza kwa pointi 14 zimebaki dakika tatu, kwa nini bei isiwe 100? Mechi si imeisha?

#5 Robo ya Nne

Hakuna wa kukucheka, ndugu. Tarehe 21 Mei 2025, Madison Square Garden, mechi ya kwanza ya fainali ya Kanda ya Mashariki. Knicks wanaongoza Pacers kwa 14, zimebaki chini ya dakika tatu. Ukumbi mzima umesimama, watu wanaimba. Kwenye mechi za mtoano, tangu rekodi za kila tukio zianze kuwekwa msimu wa 1997-98, hakuna timu iliyokuwa imechomoka kwenye shimo la kina hicho kwa muda huo.

Basi Aaron Nesmith wa Pacers akaanza kurusha tatu, yaani mitupo ya mbali ya pointi tatu. Moja, nyingine, nyingine tena. Robo ile ya nne peke yake aliweka sita. Knicks nao wakaanza kukosa mitupo huru. Sekunde za mwisho kabisa, wakiwa nyuma kwa pointi mbili, Tyrese Haliburton anarudi nyuma na kurusha. Mpira ukagonga chuma, ukapaa juu hadi ukadhani hautashuka, kisha ukadondoka ndani. Haliburton akakimbia pembeni akijikaba koo kwa mikono miwili, ishara ya Reggie Miller, nyota wa zamani wa Pacers, akijua ameshinda mechi.

Waamuzi wakaangalia picha. Kidole cha mguu kilikuwa kwenye mstari. Ni mbili, si tatu. 125 kwa 125, muda wa nyongeza.

Hebu fikiria aliyeshika mkataba wa Pacers dakika ile. Ndani ya sekunde chache kitu chake kimetoka karibu na sifuri, kimekuwa dola kamili machoni pake, halafu kimerudi kuwa kama shilingi inayorushwa juu. Aliyenunua Knicks kwa 97 akidhani anaokota senti tatu za bure alikuwa ananunua ukaguzi wa waamuzi bila kujua. Pacers walimaliza kazi 138 kwa 135.

Na wiki mbili baadaye, tarehe 5 Juni, hao hao waliwafunga Thunder 111 kwa 110 kwenye mechi ya kwanza ya fainali. Haliburton tena, zikiwa zimebaki sekunde 0.3. Ndiyo mara pekee Pacers waliongoza mechi nzima.

Hiyo senti moja ya juu, kati ya 99 na dola, ndiyo bei ya usiku kama ule.

#6 Mama Takwimu

Salaam wote. Mleta uzi umesimulia vizuri, lakini umemwacha Benchi la Akiba bila hesabu. Acha nimpe.

Kuna kanuni ya mezani. Tofauti ya pointi mwisho wa mechi ya NBA hutawanyika kuzunguka makadirio kwa kama pointi 12. Kwa hiyo timu inayopewa nafasi ya kushinda kwa pointi 3 ni asilimia 60 hivi, ya pointi 6 ni 69, ya pointi 10 ni karibu 80. Hapo utaona kwamba hata timu inayotegemewa kushinda kwa pointi 10, mara moja kwenye tano inafungwa.

Mechi ikishaanza, mtawanyiko unapungua kwa kipeuo cha pili cha muda uliobaki. Nusu ya mechi ikibaki, 12 inakuwa 8.5. Dakika sita zikibaki kati ya 48, inakuwa 4.2. Timu mbili zilizo sawa, mmoja anaongoza kwa 8 mapumziko: asilimia 83. Mmoja anaongoza kwa 5 zikiwa zimebaki dakika sita: 88. Ukikaa na kalamu unaweza kufuatilia bei ya soko robo hadi robo, na mara nyingi mtakuwa mnatembea pamoja.

Sasa weka mechi ya Knicks humo. Pointi 14, dakika mbili na robo tatu. Mtawanyiko unabaki 2.9. Kanuni inakujibu kwamba Pacers wana nafasi moja kati ya zaidi ya milioni moja na nusu.

Hiyo ni takataka, na ni muhimu kujua kwa nini. Kanuni inadhani pointi zinadondoka kama mvua, sawasawa kila dakika. Dakika mbili za mwisho za kikapu haziko hivyo. Anayeongozwa anafanya faulo makusudi ili saa isimame. Anampa mpinzani mitupo huru miwili ili apate jaribio la tatu upande wa pili. Dakika moja inakuwa na milki, yaani zamu za kushambulia, nyingi kuliko kawaida, na kila mtu anarusha kutoka mbali. Zamani walikuwa wanarusha kidogo. Houston Rockets wa 2017-18 walikuwa timu ya kwanza kurusha tatu nyingi kuliko mbili msimu mzima, na ligi nzima sasa inarusha tatu nyingi kuliko zamani. Soko linalosema 99 lina akili kuliko kanuni yangu inayosema 99.9999.

#7 Benchi la Akiba

Asante sana Mama. Kwa hiyo nikinunua kwa 99 kila siku?

#8 Mama Takwimu

Ukinunua kwa 99 ukakosea mara moja tu, unahitaji kupata sawa mara 99 kurudisha hasara hiyo. Na hapo sijagusa ada. Kalale, mwanangu.

#9 Mkeka Mrefu

😂😂 Mama kamaliza.

Lakini mleta uzi ulisema uliliwa. Simulia basi, mbona unatuzungusha.

#10 Robo ya Nne

Haya. Ilikuwa mechi ya katikati ya msimu, timu mbili ambazo hazikuwa na mashabiki wengi, kwenye jukwaa nisilolitaja. Skrini ilisema 41 kwa wageni. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu nikaona wanastahili 46. Nikajiona nina akili. Nikabonyeza kununua mikataba 200 papo hapo bila kuweka bei yangu.

Ile 41 ilikuwa bei ya mwisho iliyofanyika, imeshapoa. Kwenye daftari, muuzaji wa kwanza alikuwa na mikataba 60 kwa 44. Akaisha. Aliyefuata, 80 kwa 47. Akaisha. Zile 60 za mwisho nikauziwa kwa 51. Piga wastani: 47.3. Nilidhani natoa dola 82, nikatoa 94.60. Hesabu zangu zilisema kitu hicho kina thamani ya 46, kwa hiyo nilikuwa nimeshapoteza kabla mpira haujarushwa juu, kwa ujuzi wangu mwenyewe.

Wageni walishinda. Ndiyo, nilipata hela usiku ule. Na ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilifanya ujinga, kwa sababu mkeka uliotiki haukufundishi kitu.

Tangu hapo naweka oda yenye bei yangu, ikikubaliwa sawa, isipokubaliwa naangalia mechi bure. Na kabla ya yote nafungua daftari kuona kuna mikataba mingapi kwenye kila bei. Mechi ya fainali ina ukwasi wa kutosha, unaweza kununua mingi bei isitikisike. Mechi ya timu mbili za mkiani siku ya katikati ya wiki, mtu mmoja mwenye haraka anaweza kusogeza bei kwa senti tano na wachambuzi wakaandika kwamba "soko limebadili mawazo".

#11 Filimbi

Niongeze jambo ambalo watu hawasomi kabisa: masharti ya kufunga mkataba. Wote mnaongelea nani atashinda. Swali la kwanza ni nani anaamua kwamba fulani ameshinda, na lini.

Tarehe 11 Machi 2020, Jazz walikuwa ugenini kwa Thunder. Wachezaji uwanjani, watu wamekaa, waamuzi wanajiandaa. Dakika za mwisho mechi ikaahirishwa kwa sababu ya kipimo cha korona cha Rudy Gobert, mchezaji wa Jazz, na usiku uleule ligi nzima ikasimamishwa. Mkataba wa mechi kama hiyo unakuwaje? Unarudishiwa hela? Unasubiri ichezwe? Kwa siku ngapi? Kila jukwaa lina jibu lake kwenye maandishi madogo, na wengine majibu yao yanaweza kufanya mkataba wako ufungwe kwa senti 50 hata kama ulinunua kwa 80.

Na kuna moja naipenda zaidi. Desemba 2007, Hawks waliwafunga Heat kwenye muda wa nyongeza. Shaquille O'Neal alitolewa kwa faulo sita, kumbe waandishi wa meza walikosea kuhesabu, alikuwa na tano. Heat wakakata rufaa, ligi ikakubali, na tarehe 8 Machi 2008 timu zikarudi uwanjani kurudia sekunde 51.9 za mwisho. Kufikia hapo O'Neal mwenyewe alishahamishiwa Phoenix! Walicheza, hakuna aliyefunga hata pointi moja, Hawks wakashinda tena.

Matokeo hayakugeuka, lakini kwa karibu miezi mitatu matokeo ya mechi ile hayakuwa ya mwisho, baada ya watu kulala wakijua nani kashinda. Soko linalofunga usiku huohuo kwa ubao wa matokeo lingeshalipa. Linalosubiri matokeo rasmi ya ligi lingekaa na hela za watu.

Msichanganye hilo na ile ripoti ya dakika mbili za mwisho ambayo ligi huitoa kesho yake tangu 2015, wakikiri kwamba mwamuzi alikosea filimbi fulani. Ile haibadilishi tokeo. Nimeshaona mtu anadai alipwe kwa kuonyesha ripoti ile.

Kwa Polymarket mambo ni tofauti kidogo: mtu anapendekeza jibu kupitia mfumo unaoitwa UMA, na asiyekubali anaweza kupinga kwa kuweka dhamana. Kwenye ushindi wa mechi ni nadra kuwa na ubishi. Kwenye maswali yenye maneno mengi, ubishi ndiko unakozaliwa.

#12 Mkeka Mrefu

Sasa mimi niulize la maana, naacha utani. Habari za majeruhi. Kila nikisikia nyota hachezi, nikikimbilia soko bei imeshakimbia. Hao watu wanajuaje?

#13 Robo ya Nne

Wengi wao hawajui siri yoyote. Wana programu inayosoma ripoti ya majeruhi na maandishi ya waandishi wa timu, na inanunua kabla kidole chako hakijafika kwenye kitufe. Kwa miaka mingi kanuni ya NBA ilikuwa timu itangaze majeruhi kufikia saa 11 jioni ya siku inayotangulia mechi, kisha iendelee kusahihisha. Mchezaji aliyeandikwa kwamba ana mashaka ndiye anayefanya soko lipumue. Bei yake ni mchanganyiko wa mechi mbili: ile akiwemo na ile asipokuwemo. Kama akiwemo timu ni 64 na asipokuwemo ni 48, na nafasi ya kucheza ni nusu kwa nusu, soko litasema 56. Hakuna mechi yoyote itakayochezwa ambayo ni ya 56! Ikitangazwa, bei itaruka senti nane upande mmoja, na atakayekuuzia kwa 56 sekunde hiyo ni yule ambaye bado anaoga.

Ukiangalia mechi kwenye matangazo ya intaneti unachelewa vilevile. Picha inakufikia sekunde kadhaa baada ya tukio. Aliyeketi ukumbini anaona tatu ikiingia wakati kwako mchezaji bado anadunda mpira. Bei ikiruka ghafla na wewe huoni sababu, sababu iko njiani inakuja.

Halafu kuna walio na siri kweli. Jontay Porter wa Toronto Raptors alifungiwa maisha na NBA tarehe 17 Aprili 2024. Aliwatonya wabeti habari za afya yake, na kwenye mechi ya tarehe 20 Machi mwaka huo alicheza dakika chache akatoka akisema anaumwa. Kuna mtu alikuwa ameweka dola 80,000 kwamba Porter hatafikisha takwimu zake, ili ashinde dola milioni 1.1. Malipo yakazuiwa. Hilo lilikuwa kwa kampuni ya kubeti, lakini somo ni lilelile kwa soko. Swali la nani atashinda mechi liko mikononi mwa watu wengi. Swali la mchezaji wa akiba atafunga pointi ngapi liko mikononi mwa mtu mmoja, naye anajua jibu kabla yako.

Mimi maswali ya mchezaji mmoja siyagusi.

#14 Benchi la Akiba

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nitajuaje kama soko lina akili kweli au linabahatisha? Nikiandika bei za mechi 50 inatosha?

#15 Mama Takwimu

Hazitoshi, na nitakuonyesha kwa nini.

Kuna kipimo cha Brier, cha mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier, 1950. Chukua utabiri, toa tokeo (1 ikishinda, 0 ikifungwa), zidisha kwa yenyewe. Timu ya 62 ikifungwa: 0.62 mara 0.62, sawa na 0.384. Ikishinda: 0.38 mara 0.38, sawa na 0.144. Ndogo ni bora. Anayesema 50 kila mechi bila hata kujua majina ya timu anapata 0.25 daima.

Sasa mchukue mtabiri mkamilifu, asiyekosea hata nukta, kwenye mechi ambazo kweli ni za 62. Wastani wake utakuwa 0.236. Umeona? Malaika anayejua kila kitu anamshinda kipofu kwa 0.014 tu. Bahati ya mechi 50 inaweza kuifunika tofauti hiyo bila shida. Kwenye mechi 50 za namna hiyo, asilimia ya ushindi kupanda au kushuka kwa 7 ni jambo la kawaida kabisa. Huwezi kutofautisha 62 na 55.

Msimu wa kawaida una mechi 1,230. Andika zote, bei ya saa moja kabla ya mechi kuanza, siku zote saa ileile. Usichague mechi ulizozipenda. Mwisho wa msimu zigawe kwa mafungu, za 50 hadi 59, za 60 hadi 69, na kuendelea, uone kila fungu limeshinda mara ngapi. Hapo tutakusikiliza.

Na kwako mleta uzi, nilikuwa nakuvizia tangu juu. Soma tena aya yako ya mwisho kwenye #1.

#16 Robo ya Nne

Ipi? Ya kununua 59 na kuuza 80?

#17 Mama Takwimu

Hiyo hiyo. Faida ya 21. Umetufundisha ada na daftari la oda kwa aya nne, kisha wewe mwenyewe ukavisahau vyote viwili.

#18 Robo ya Nne

Aisee. Umenikamata.

Nasahihisha kwa mikataba 100. Kuingia kwa 59, ada dola 1.70 baada ya kupandisha hadi senti nzima. Ile 80 ya skrini ni katikati ya 79 na 81, kwa hiyo anayenunua kwangu analipa 79, na kuuza nako kuna ada, dola 1.17. Kwa hiyo 20 toa 1.70 toa 1.17. Faida ni dola 17.13, si 21. Ningeshikilia hadi mwisho na timu ikashinda, nisingelipa ada ya kutoka. #1 naiacha ilivyo, msomaji akifika hapa ataona.